Maji Niliyommwagia Kivuva

Shoka liliteleza kwenye gogo likaingia paja la Kivuva, na dada yake Mutindi ndiye aliyekuwa karibu. Aliufunga mguu kwa leso, akaukaza kama mzigo wa kuni. Halafu akafanya lile ambalo kila mtu pale Migwani humfanyia mtoto akitokwa na damu ya pua: alichota maji ya mtungi, na Julai ilivyo na baridi, akammwagia. Sugow, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi, alipowabeba kwa lori lake, bado Mutindi hakuacha. Kivuva alilala nyuma kati ya mbuzi, nguo zimelowa chapachapa, upepo unampiga, na Mutindi akimkamulia kitambaa kifuani njia nzima. Alitetemeka sana, kisha akatulia. Mutindi akamshukuru Mungu, akidhani maumivu yamepungua.

Hospitalini damu ya Mutindi ilikataa kulingana na ya ndugu yake; ya Sugow ikakubali. Sugow alirudi kwenye benchi akibonyeza pamba mkononi. "Akiamka akidai maziwa ya ngamia," akasema, "msinilaumu mimi."

Saa nane mchana Sista Nzilani alitoka chumba cha upasuaji. Alisema mshipa umeshashonwa na pakiti mbili za damu zimeingia, lakini bado inachuruzika kila mahali, hata pale alipodungwa sindano, nyepesi kama maji. Imebaki pakiti ya Sugow peke yake. Akauliza mbona mgonjwa ni baridi hivi.

"Ni mimi, sista," Mutindi alijibu, karibu kwa kujivunia. "Nilimpoesha ndio damu isimame."

Sista alimtazama kwanza. "Kwa pua ni sawa. Lakini mwili mzima ukipoa, damu haigandi. Hata tukimwongezea hiyo ya mwisho, itatoka vile inaingia."

Mutindi aliitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine aliyemwona barabarani akifanya ubaya.

Sista hakumpa nafasi ya kulia, alimtuma jikoni. Mutindi akajaza maji moto kwenye chupa za soda, akazifunga kwa matambara, akazipitisha mlangoni, akarudi kujaza zingine. Sugow alivua koti lake akalitoa, kisha akazunguka wodini akiomba wagonjwa blanketi, na walimpa.

Karibu saa kumi na moja sista akatoka tena. Kivuva amepata joto. Damu imeanza kuganda, na ile pakiti ya mwisho imeingia ikakaa.

Mama yao, Syokau, alikuwa ameshafika na wanawake wa kanisa. Alimkumbatia Mutindi mabega, akawaambia wenzake kwamba bila akili ya huyu msichana na maji yake, saa hii wangekuwa wanachimba kaburi. Wakaitikia amina.

"Mwaitu, usinisifu," Mutindi akamwambia mama. "Hayo maji ndiyo yalikuwa yanammaliza."

Amina ya mwisho ilikatikia njiani. Mkono wa mama ulibaki begani pake, lakini uzito wake ulikuwa umetoka.