Samaki Aliyerudi Kwao

Samaki alirudi siku ile theluji ya kwanza iliposhika ardhini. Bwana Uematsu alimleta mwenyewe kutoka mjini, kamtia ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, mfuko ndani ya boksi, boksi limeviringishwa blanketi kwenye kiti cha nyuma kama mtoto mchanga. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimekwisha kuloa. Aliinama kusalimia, akainama tena, akainama tena. Mtu akiinama namna hiyo ujue ana jambo.

"Korongo, Mama," alisema. "Korongo kamdonoa bwawani kwangu. Nilitandaza wavu, lakini lile dege lilipita sijui wapi. Naona haya hata kukutazama."

Kinuyo alifungua blanketi. Kabla hajaona kidonda, alimtambua samaki. Koi, samaki wa mapambo, mweupe kama wali, mgongoni madoa mekundu yaliyopangika kuanzia kichwani hadi mkiani. Alimchagua yeye mwenyewe kutoka miongoni mwa maelfu, tangu akiwa mdogo kama punje ya mchele, na wenziwe wote akawatupa ili huyu abaki. Kazi ya koi ndiyo hiyo, nayo haina huruma. Halafu majira ya kuchipua akauzwa kwa Bwana Uematsu, na Kinuyo alikataa chakula siku nzima, akasingizia jino.

Sasa ubavuni alikuwa na tundu la ukubwa wa kizibo cha chupa. Magamba yamebanduka, kingo zimewiva nyekundu, katikati nyama imeoza, nyeupe.

"Mwache," Kinuyo alimwambia yule bwana. "Nitamtunza mpaka theluji iyeyuke."

Huko milimani mkoani Niigata, katika kijiji cha Kamisawa, kuna mambo watu husameheana: ulevi, wivu, hata mpaka wa shamba. Kuchanganya samaki wa nje na samaki wa ndani hakusameheki. Miaka ya nyuma ulipita ugonjwa bonde la pili. Jina lake hawalitaji, wanasema "ule". Ule uliingia na samaki mmoja tu, mzuri, mnono, asiyeonyesha dalili yoyote, na ulipotoka nyuma yake mahodhi yalikuwa matupu yamepakwa chokaa, na wenyewe wamehamia mjini kuosha sahani za watu. Tangu hapo kila mlango wa kufugia una karai la dawa la kukanyagia mabuti, na kila nyumba ina kibanda cha pembeni cha kuwatengea wageni, chenye wavu wake na ndoo zake.

Na nyumba ya kina Kinuyo ilikuwa na cha kupoteza kuliko nyingine zote. Katika banda la majira ya baridi, ambamo samaki wote huteremshwa kutoka mabwawa ya mlimani kabla hapajaganda, aliishi Mama Mkuu, koi mzee, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Kila samaki waliyewahi kumuuza na akasifiwa alitoka tumboni mwake, au tumboni mwa binti zake, nao binti zake wote walikuwa humo humo pamoja naye. Mwaka wa tetemeko, ukuta wa nyumba ulipoanguka, mkwewe Kinuyo, mzee Gonshiro, alikimbia kumwangalia Mama Mkuu kabla ya kumwangalia mkewe. Marehemu yule mama alimsimanga kwa hilo mpaka anaingia kaburini, na haki yake. Lakini hata yeye alijua kwamba Mama Mkuu akifa bila mrithi, jina la nyumba limekufa.

Basi Kinuyo alimpeleka samaki wa Uematsu kibandani, kama inavyotakiwa. Akakanyaga dawa akiingia, akakanyaga akitoka. Lakini kibandani kulikuwa baridi ya kung'oa meno. Koi kwenye maji ya baridi mwili wake husimama. Haumwi zaidi, ila hapati nafuu, na uozo haukai kumngoja. Kila asubuhi wekundu ulikuwa umesogea kidogo. Mume wake, Tadao, wakati wa baridi huenda mkoa wa jirani kwenye kiwanda cha pombe ya mchele, kwa hiyo wa kumuuliza alikuwa mzee peke yake.

Mzee Gonshiro alikuja na mkongojo wake, akachungulia ndani ya beseni. Huyu ndiye aliyewahi kumfukuza mpwa wake kwa ufagio kwa kuingia bandani na buti kavu. Kinuyo alisubiri afoke.

"Mlete ndani," mzee alisema.

"Baba, amekaa kwenye maji ya watu."

"Maji ya watu, maji ya watu! Wewe ulipokwenda kwenu kujifungua, uliporudi nilikulaza kibandani?"

"Mimi si samaki, Baba."

"Ungekuwa samaki ungekuwa na adabu zaidi. Huyu ni mwana wa Mama Mkuu. Kazaliwa hapa, kalelewa hapa, kaenda kutembea tu. Mwana wa nyumbani harudi mgeni. Mlete kwenye joto kabla hajatuoza mikononi."

Mimi simlaumu mzee peke yake, nanyi msifanye hivyo. Kinuyo alikuwa na ulimi, angeweza kukataa. Hakukataa kwa sababu ndicho alichokuwa akingoja aambiwe tangu siku ya kwanza, na moyo wake ulifurahi, na furaha ile ilimtisha kidogo, akaipuuza.

Akamweka kwenye beseni la buluu ndani ya banda, hatua chache kutoka hodhi kubwa. Maji yake mwenyewe, chumvi yake mwenyewe, ili angalau aweze kujiambia kwamba hawakuchanganywa. Akapandisha joto polepole.

Kumsafisha koi kidonda kunataka watu wawili, mmoja ashike, mwingine afanye. Akamwita jirani yake wa nyumba ya chini, Masue, mjane mwenye mdomo usiolala na samaki wachache aliowapenda kuliko watoto wake walioko Tokyo. Masue alifika mlangoni, akalitazama karai la dawa, akamtazama Kinuyo.

"Nikanyage?"

"Kwa ajili ya nani? Wa kwetu huyu."

Masue akaliruka karai kama msichana, akacheka.

Wakamlaza samaki kwenye maji yenye mafuta ya karafuu mpaka akalegea. Masue akamfunika macho kwa kitambaa kibichi na kumshika kwa mikono miwili. Kinuyo akatoa magamba yaliyokufa kwa kibano, moja moja, akakwangua uozo, akapaka dawa ya kidonda iliyomwachia vidole vya kahawia.

"Hii karafuu inanitia njaa," Masue alisema. "Ningekuwa na mchuzi hapa, ungenikoma."

"Shika vizuri, shoga! Akipapatika atanitoboa."

"Nimeshika. Mume wangu sikumshika hivi, ndiyo maana akatangulia."

Walicheka wote wawili. Banda lilikuwa na joto, nje theluji ilishuka bila sauti ikifunika paa, na maji ya hodhi kubwa yaliendelea kuzunguka. Masue alipomaliza alisuuza mikono hapo hapo kwenye ndoo, akaenda kwake kulisha samaki wake.

Siku chache baada ya joto kupanda, yule samaki aliacha kula. Alijibanza pembeni ya beseni, macho yamedidimia kidogo, ngozi imepauka mabaka mabaka kana kwamba utelezi wake umefutwa. Kinuyo alisimama akimtazama. Akaona haja ya kumwita mzee. Halafu akajiambia ni dawa tu, ni karafuu, ni uchovu. Kesho yake samaki alikuwa ameinuka, na siku ya pili alikula. Kinuyo hakumwambia mtu. Binadamu akitaka kudanganyika hahitaji msaada.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda vizuri mno. Kidonda kilianza kujaa kutoka chini, nyama ya waridi, kingo zikasogeleana. Masue alikuja mara kwa mara kushika, na kila alipokuja aliruka karai. Mwaka Mpya ulipopita pakabaki kovu laini tu. Mzee Gonshiro alijimiminia pombe ya mchele, akamimina na ya Masue, akasema hajaona mkono mwepesi kama wa mkamwana wake tangu azaliwe. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsifu hata supu. Kinuyo aliinamisha uso ili wasione anavyotabasamu.

Asubuhi moja alimwaga chakula hodhini, na Mama Mkuu hakuja.

Wengine walikuja, wakagombea, wakarusha maji. Yeye alikuwa upande wa kona, kichwa chini, mkia juu, ananing'inia. Kinuyo alivua koti akaingiza mkono mpaka begani, akamvuta polepole juu, na samaki yule ambaye siku zote ilihitajika nguvu kumshika alikuja bila ubishi. Akamfunua shavu. Mashavu ya koi mzima ni mekundu kama damu mbichi. Haya yalikuwa na mabaka meupe, na yalikuwa yakimeguka. Macho yalikuwa yamedidimia. Nyuma yake, binti zake wawili walikuwa wamepanda juu ya maji wakihema.

Kwenye beseni la buluu, yule mwenye kovu alikuwa akizunguka zunguka kwa afya, akidai chakula.

Mzee alipofika hakuuliza. Alipiga magoti ukingoni, kwa shida, akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa Mama Mkuu.

"Ni uzee," alisema.

"Si uzee, Baba."

"Nimesema ni uzee!"

"Na binti zake? Nao uzee?" Kinuyo aliuliza. "Ni ule. Alikuja nao huyu, sisi tukampashia moto mpaka ukaamka. Niliuona, Baba. Niliona macho yake yamedidimia, nikanyamaza."

Mzee alifunga macho. Alipoyafungua alikuwa kama mtu aliyeshushwa kutoka mahali pa juu.

"Usipige simu," alisema kwa sauti ndogo. "Wakija watu wa mkoa wataua wote. Wagonjwa na wazima. Watapaka chokaa. Subiri Tadao arudi. Pengine wapo watakaopona, pengine mmoja, tunaanza naye upya."

"Atakayepona atakuwa kama huyu," Kinuyo alisema akionyesha beseni. "Mzuri, mnene, tunamuuza, anakwenda kuua nyumba ya mtu."

"Mwanangu, nakuomba."

Hakuwahi kumwita hivyo. Kinuyo alilia pale pale, bila kujificha, huku akifunga bomba la maji yanayotoka kwenda mfereji wa kijiji. Halafu akaenda kwenye simu ya ukutani, akashika mkono wa simu na kubonyeza namba.

"Shoga!" Sauti ilitoka nje, na vishindo vya mabuti kwenye theluji. "Shoga, fungua, mikono imejaa!"

Masue aliingia akihema, mashavu yamewiva kwa baridi, amebeba ndoo kwa mikono miwili. Akaitua katikati ya banda.

"Usinicheke," alisema. "Yule wangu mweusi kaanza kunisusia chakula tangu jana. Kichwa chini, mkia juu, kama ananipa kisogo. Nikasema, kwa nini nihangaike na mimi nina daktari nyumba ya juu? Lete kibano chako na mafuta yako ya karafuu. Leo wewe ushike, mimi nikodoe macho." Akaona nyuso zao. "Mbona mnalia? Nani kafa?"

Kinuyo alitazama ndani ya ndoo. Hakuhitaji kufunua shavu.

"Wangapi, Masue?"

"Wangapi nini?"

"Wanaoning'inia."

Masue alimtazama yeye, akamtazama mzee aliyepiga magoti, akatazama hodhi. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, kiganja na nyuma ya kiganja, taratibu, kana kwamba amekabidhiwa sasa hivi. Akaketi sakafuni kwenye maji, karibu na ndoo yake.

"Nilidhani ni baridi," alisema. "Nilidhani watatu wale wamesikia baridi."

Simu ilikuwa imekwisha kupokelewa. Upande wa pili mwanamume wa ofisi ya samaki ya mkoa alikuwa akisema haloo, haloo, akauliza kwa upole anapiga kutoka nyumba gani. Kinuyo alimgeukia Masue.

Masue alikuwa ameingiza mkono ndooni, anamkanda samaki wake mgongoni kwa kidole kimoja.

"Sema tu," alisema bila kuinua uso.

Kinuyo akataja nyumba yao. Kisha akataja ya Masue.