Simbilisi wa Kundi la Raha

Isakwisa wa darasa la kumi alikuwa mchapwaji wa kudumu. Mwaka ule wa 1957, kila Jumamosi saa nne, Mwalimu Kalinga alimpa viboko vitatu, naye aliviendea kama mtu anayekwenda kunyolewa. Makalio yake yalikwisha kuelimika.

Kalinga alifundisha sayansi katika shule hiyo ya bweni, nje ya mji wa Iringa. Alifuga simbilisi kumi na wawili, wale wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaozurura jikoni kwa mama zetu. Sita, Kundi la Taabu, aliwatikisa ndani ya kapu dakika tano kila siku, saa moja kamili asubuhi. Sita wengine, Kundi la Raha, hakuwagusa. Baada ya wiki tatu angewaua wote, apime tezi zilizo juu ya figo, zinazomwaga homoni ya hofu kwenye damu. Hofu ikizidi, tezi hunenepa.

Isakwisa aliona Kundi la Raha linadekezwa mno. Akawa anajibanza dirishani kwao saa yoyote, leo mara tatu, kesho asitokee, akilia kama mwewe. Wanyama walikanyagana kutafuta pa kujificha. Yeye alicheka akishika mbavu.

Siku ya mizani, tezi zilizonenepa zilikuwa za Kundi la Raha.

"Nimekosea mahali," alisema mwalimu, ameinamia mizoga. "Jumatatu nitanunua wengine kumi na wawili sokoni Kihesa, nianze upya."

Isakwisa alimtazama yule mwenye paji jeupe, aliyekuwa wa kwanza kukimbilia chini ya nyasi. Sasa alilala tumbo wazi. Na wengine kumi na wawili?

"Usinunue, mwalimu. Mwewe alikuwa mimi."

Alieleza yote. Kalinga alizitazama tena tezi kwenye mizani.

"Kumbe! Wa kapu walizoea, kwa sababu saa yao waliijua. Hawa wako hawakuijua kamwe. Basi, sitanunua."

"Nichape, mwalimu. Hata sita, Jumamosi."

"Jumamosi umeizoea, Bwana Mwewe. Nitakuchapa siku nyingine."

"Siku gani?"

"Utaiona."

Jumanne mlango wa bweni ulilia, Isakwisa akaruka kitandani. Alhamisi mwalimu alimjia na fimbo, akampita, akaonyeshea mchoro ubaoni. Wiki ya pili aliugawa ugali wake kwa wenzake. Akaenda mwenyewe kuomba achapwe, akamkuta Kalinga anafagia visanduku vitupu.

"Bado," alisema mwalimu, bila kugeuka.

Isakwisa akaupokea ufagio. Akaanza na kisanduku cha Kundi la Raha, akikusanya nyasi taratibu, masikio yake yote yakiwa nyuma.