Godoro la Springi la Mama Gerald

"Mimi godoro sisimuliwi," Magdalena alimwambia Abdulhamidi, mwenye duka la magodoro mjini Singida. "Wodini nimegeuza magodoro mpaka yakawa yananijua kwa jina. Hakuna wa kunidanganya." Akalipapasa lile alilolichagua, akainama kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa, akauliza upande wa kulalia ni upi.

Abdulhamidi alikuwa mtu wa adabu. Akasema ni pande zote mbili, mama, hilo ni la kugeuza. Magdalena akaitikia kwa kichwa kama vile alikuwa anampima tu.

Lilikuwa godoro la springi, nene kama matofali matatu yaliyopandiana, lina maua ya zambarau na utepe unaong'aa pembeni. Magdalena alikuwa mhudumu wa wodi katika kituo cha afya tangu akiwa msichana. Alitandika vitanda vya watu na kufua mashuka ya watu, kisha akirudi kwake Iguguno analala kwenye sponji iliyochoka, chaga zote za kitanda zinamwamkia mgongoni moja moja. Sasa amestaafu. Kiinua mgongo kilipoingia alibadilisha bati, akamtumia mwanawe Gerald aliyeko Dodoma cha kumalizia nyumba yake, akatoa shukrani kanisani. Kilichobaki akasema ni cha mgongo wenyewe.

Mumewe, Philipo, asingekubali. Philipo alikuwa mtu wa "tukistaafu". Ukimwonyesha viatu vyekundu dukani, tukistaafu. Soda ya baridi siku ya mnada, tukistaafu. Hata kumwambia mkewe kwamba amependeza alikuwa amekuweka huko huko mbele, pamoja na viatu. Halafu akafa mwaka mmoja kabla mkewe hajastaafu. Wakamzika nyuma ya nyumba, pale shamba la alizeti linapoanzia, chini ya tuta la udongo na msalaba wa mbao.

Godoro lilikuja na lori la alizeti lililokuwa linarudi tupu, likashushwa barabarani. Wabebaji wawili wakalipitisha kwa nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa kali, na mahali pekee pasipo na mbigili palikuwa juu ya Philipo. Wakaliweka pale, wakalikalia, wakapangusa jasho.

"Nyie!" Magdalena akawapigia kelele kutoka uani. "Mmemkalia mzee!"

Wakaruka, wakaliomba radhi kaburi, wakaliingiza godoro ndani.

Jioni hiyo, kuku wakiwa wanaingia bandani, Philipo alikuja. Aliingia kwa mlango wa uani, amevaa suti aliyozikwa nayo, miguu peku. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wake, ambao haukuwa umetundikwa kitu tangu msiba.

"Futa miguu," alisema Magdalena. "Shuka ni jipya."

Akafuta.

"Umenifuata mimi, Philipo?"

"Wewe?" Philipo akaonekana kushangazwa na swali. "Nimefuata godoro. Lilipumzishwa juu yangu mchana. Nikajiuliza, kitu laini namna hii ni nini?"

"Kwani kule unasikia?"

"Kule chini tunasikia kila kitu. Hata sisimizi akikohoa."

Akapanda kitandani upande wa ukutani, upande wake wa siku zote. Alikuwa amekuwa mwepesi, springi hazikushuka. Alilala chali akiziangalia bati mpya.

"Magdalena," alisema mwishowe, "hivi tulikuwa tunangoja nini?"

Magdalena alijua walikuwa wanangoja nini, na nani alisema wangoje. Lakini mgongo wake ulikuwa umelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kipaimara, hakutaka kuanzisha ugomvi.

Ikawa ndiyo desturi. Philipo anakuja na kuku wakiingia, anaondoka na jogoo akiwika. Asubuhi shuka lina udongo kidogo upande wa ukutani, na Magdalena analifua bila kunung'unika, maana wodini alifua makubwa kuliko hayo. Alipoona mumewe hana pingamizi tena na matumizi, akaendelea. Alinunua sabuni ya kuogea yenye harufu ya waridi, ile ambayo watu huiweka kwa ajili ya wageni, akaiogea mwenyewe mpaka ikaisha. Alinunua asali ya Rungwa bila kuwa na mafua. Philipo hakuweza kula, ila alifunguliwa chupa akanusa, akasema inatosha, akaomba anuse tena. Soda walikunywa hivi: Magdalena anameza, Philipo anaangalia mapovu.

Na viatu vyekundu akavinunua. Miguu ilikuwa imevimba kwa miaka ya kusimama wodini, hata hatua mbili haikumfikisha navyo. Basi akawa anavivaa kitandani. Wanalala chali wawili, wanaangalia vidole vya viatu vinavyong'aa kwa mwanga wa taa.

"Ni viatu," alisema Philipo.

Kwa Philipo hayo yalikuwa maneno mengi. Magdalena aliyatunza.

Jirani yake Agnes alimsubiri kisimani.

"Mama Gerald, siku hizi kwako jioni springi zinalia. Kuna nini?"

"Kuna mume wangu."

"Alah, si ulifiwa wewe?"

"Nilifiwa. Amekuja kulala."

Agnes akatua ndoo. "Lakini padri alisema mpaka kifo kiwatenganishe."

"Kikatutenganisha, sikukataa. Godoro limeturudisha. Na padri kuhusu godoro hakusema kitu."

Agnes akafikiri, akaona ni kweli hakusema. Akaulizia bei.

Sasa Philipo alikuwa na mdogo wake, Antipasi, nyumba ya tatu kutoka hapo. Mwaka ule watu wa Iguguno walikuwa wameshika kazi ya kujengea makaburi. Huyu ameweka zege, yule marumaru, mwingine ameezeka na kijipaa. Antipasi akawa hapati usingizi. Jioni ya Jumapili moja akaja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa sebuleni, wakampigia Gerald simu na kuiweka mezani ili naye awemo kikaoni.

"Shikamoo, shemeji," alianza Antipasi.

"Marahaba."

"Shemeji, ukoo unachekwa. Kaka amelala kwenye udongo kama kipande cha muhogo, na wewe umelala kwenye springi."

"Kaka yako amelala humo chumbani," alisema Magdalena.

"Hilo tunalijua, tunashukuru. Sisi hapa tunazungumzia kaburi."

Sauti ya Philipo ikatoka nyuma ya pazia. "Antipasi."

Wazee wote wakakaa sawa. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Hali yako, kaka?"

"Nimekufa, lakini naendelea vizuri. Sikilizeni. Mimi marumaru siyahitaji. Yatanipa baridi."

Wazee wakamwangalia Antipasi, na Antipasi akakohoa kwa heshima, akaligeukia pazia.

"Kaka, usinielewe vibaya. Marehemu haulizwi. Marehemu anafanyiwa."

Wazee wakaona hilo limekaa vizuri.

"Na mimi je?" Magdalena akauliza. "Mimi sijafa."

"Wewe ni mjane, shemeji. Mjane anasaidiwa kuamua."

"Mama, wasikilize akina baba mdogo," ilisema simu ya mezani. "Watu wananiuliza mimi, mtoto wa kwanza." Gerald alikuwa anazungumza kutoka sebuleni kwake Dodoma. Sauti yake ilikuwa na mwangwi mzuri, mwangwi wa chumba chenye marumaru mpaka ukutani.

Magdalena akasema angeweza kujengea kidogo kidogo, kwa pensheni ya kila mwezi. Wakasema mvua zinakaribia. Ikaamuliwa kaburi lijengewe, na namna ya kugharamia ataiangalia Antipasi. Kikao kikafungwa kwa sala. Amina ya nyuma ya pazia ilichelewa kidogo.

Kesho yake asubuhi, Philipo akiwa ameshaondoka, Antipasi aliiangalia ile namna, akaja na wabebaji. Alieleza kwamba mafundi na marumaru atayalipia yeye, kwa uchungu wa kaka yake, na godoro atalichukua yeye, lisipotelee kwa watu baki. Pia mgongo wake ulikuwa unamsumbua. Ugonjwa huo hakuna aliyekuwa ameusikia kabla ya siku hiyo.

Magdalena alisimama mlangoni, hakupisha. "Godoro hili nimelinunua kwa mgongo wangu, Antipasi. Hukunisaidia kugeuza mgonjwa hata mmoja."

"Ndiyo maana hatukudai kitu kingine, shemeji," alisema Antipasi kwa upole. Upole wake ulikuwa wa kweli, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu.

"Na kaka yako akija jioni, alale wapi?"

"Kama amefuata godoro, si atakuja kwangu? Mke wangu Rahel ameshamwachia upande wa ukutani."

Hilo likamwingia Magdalena mahali ambapo mengine hayakufika. Alipisha. Wabebaji wakalitoa godoro kwa nyuma, wakachoka mahali pale pale, wakaliweka juu ya kaburi, wakalikalia, wakapangusa jasho. Safari hii Magdalena hakupiga kelele.

Kutwa nzima fundi Hosea alichanganya saruji na kubandika marumaru ya bluu. Hosea alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili, na Antipasi alikuwa amekaa naye hapo hapo juu ya kaburi akimpa habari za godoro: springi zake, utepe wake, jinsi alivyolijaribu asubuhi akasinzia na viatu miguuni. Hosea akauliza limewekwa chumba gani. Antipasi akamwambia mpaka lilivyoelekezwa kichwa. Agnes aliyasikia yote kutoka uani kwake, akiwa anaanika karanga, naye sikio lake moja ni bovu.

Godoro lile liko kwa Antipasi mpaka leo, na wazee wa ukoo wakipita barabarani bado hulisifia kaburi. Hosea naye huitwa mara kwa mara kubandika upya kipande kimoja cha marumaru, kile cha upande wa kichwani, ambacho hakikai. Anakibandika, anachukua ujira wake, haulizi.

Lakini jioni ile ya kwanza Magdalena alikuwa bado hajajua yatakayofuata. Alirudisha sponji ya zamani juu ya chaga. Agnes alikuja kumwangalia, akampa yote aliyoyasikia.

"Atakuja?"

"Aende tu huko kwa Rahel," alisema Magdalena. "Alisema mwenyewe amefuata godoro. Mimi mtu mzima, nimeshazoea."

"Sasa mbona umeweka kitambaa cha kufutia miguu mlangoni?"

"Nimekianika."

Agnes akaangalia kitambaa, kilikuwa kikavu na kimekunjwa vizuri. Akaaga.

Kuku wakaingia bandani. Magdalena alifunga banda, akalifungua, akalifunga tena. Aliingia ndani, akawasha taa, akavaa viatu vyekundu, akavivua, akavisukuma uvunguni. Kule nyumba ya tatu alimsikia Rahel akiweka maji kwenye beseni kwa ajili ya miguu ya shemeji yake, maana Rahel alilelewa vizuri. Giza likaanza kushika alizeti. Magdalena akajilaza, na chaga ya kwanza ikamwamkia mgongoni, akaiitikia.

Ndipo mlango wa uani ukalia.

Philipo alikuwa mweupe nywele zote kwa vumbi la saruji. Viwiko vya suti vilikuwa na saruji mbichi ya fundi, na shingoni amejipaka bluu ya marumaru kama mtu aliyepita mahali pembamba. Alifuta miguu kwenye kitambaa, wa kushoto, kisha wa kulia.

"Umechelewa," alisema Magdalena bila kugeuka.

"Kule kutoka kumekuwa kugumu kidogo." Akakohoa. "Nimekuja kulala kwenye godoro."

"Godoro halipo."

"Lo!" alisema Philipo. "Limekwenda wapi?"

"Kwa Antipasi. Nenda, maji ya miguu yako tayari. Wamekuachia upande wa ukutani."

"Kwa Antipasi?" Philipo akatikisa kichwa, vumbi likamwagika. "Ona sasa. Mimi sikujua. Ningejua si ningeenda huko moja kwa moja? Sasa nimeshafika hapa, na ni mbali."

"Ni nyumba ya tatu."

"Ni mbali kwa mtu aliyekufa."

Magdalena akageuka, akamwangalia. Akaziangalia zile alama mbili za makalio zilizojichora kwa saruji kwenye kifua cha suti, moja ya fundi Hosea na moja ya Antipasi.

"Wamekukalia kutwa nzima," alisema. "Hosea na mdogo wako. Hawakuzungumza kitu kingine. Agnes ameyasikia kwa sikio bovu."

"Mimi sikusikia," alisema Philipo. Koti lake lilikuwa tayari limeshatundikwa msumarini.

"Hata sisimizi akikohoa, Philipo."

Philipo akazitazama bati mpya, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyezifuata hizo.