Kanda ya Kiondo

Wenzangu huota usiku, kama watu wenye adabu zao. Mimi jana niliota saa nane mchana, kwenye kiti cha sebuleni kwangu hapa Same, nikiwa bado nina hasira na dada yangu.

Tuligombania kanda. Dada Eliwaza haiamini simu; mahubiri ya kanisani anayarekodi kwa redio kaseti, na kanda tupu siku hizi hazipatikani. Basi alipita kwangu, akapekua sanduku langu la muziki wa roki, akaibuka na kanda ya Kiondo.

"Hii haijavunjwa," akasema. "Saa kumi naipitia. Na wewe mtu mzima, acha makelele ya ujana."

Kila kanda ina kipande kidogo cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, hakuna awezaye kurekodi kitu kingine juu yake. Usipokivunja, umeruhusu. Sisi wapenzi wa roki tulivivunja vyote kwa kucha, kwa misumari, hata kwa visu vya jikoni. Hii moja niliiacha makusudi. Kiondo, rafiki yangu, alipiga gitaa humo mwaka themanini na moja, umeme ukakatika katikati ya wimbo, akaniambia, "Usivunje, Naftali. Nitarudi kuumalizia." Akafa kabla ya Pasaka. Ningevunjaje? Ingekuwa kukiri kwamba harudi tena.

Nikasinzia na kanda mapajani. Haikupita dakika, kanda ikakohoa.

"Vaa viatu," ikasema. "Tunaitwa."

Niko ofisini. Juu ya mlango pameandikwa: KURUDISHA MUZIKI, MIAKA SITINI NA KUENDELEA. Karani ni spika kubwa ya mbao iliyovaa tai. Kwenye benchi wamekaa wenzangu wa kusikiliza roki kila Jumamosi, Mrutu na Bi Stamili, wanabishana juu ya ule ufa wa ukuta wa klabu ya reli, alikokuwa akipiga Kiondo.

"Ufa ulitokana na ngoma," anasema Mrutu.

"Ulitokana na gitaa," anasema Bi Stamili. "Nilikuwa nimeuegemea. Unibishie mgongo wangu?"

Karani anafungua faili. "Naftali. Miaka sitini na sita. Bado unasikiliza roki?"

"Bado."

"Kwa sauti gani?"

"Mpaka kitufe kigome."

"Majirani wanasemaje?"

"Wamezoea. Mmoja alihama."

Anatikisa tai yake kwa huzuni. "Mtu mzima ovyo."

"Utu uzima dawa, mheshimiwa," namjibu. "Na dawa yangu ni kali."

Karani anaeleza utaratibu. Mtu akifika sitini anakabidhi magitaa, anapewa muziki wa kumlaza. Kanda zilizovunjwa haziguswi, sheria ni sheria. Yangu haijavunjwa. Yeye akitamka neno moja tu, "Futa", Kiondo atatoweka na mahali pake yatawekwa matangazo ya vifo.

"Asipotamka?" anauliza Bi Stamili.

"Hukumu ni mpaka itamkwe," anajibu karani, huku akisafisha koo.

"Ipige basi, Naftali! Unangoja nini?"

Nabonyeza mgongo wa kanda kwa kidole. Ofisi inaondoka bila kuaga. Tumesimama klabu ya reli, ufa uko ukutani, na Kiondo yuko jukwaani na shati lake la njano. Kwetu wapenzi wa roki ni mwiko mtu kuongea gitaa likipiga solo. Hapa mwiko unashika kweli: midomo inafutika nyuso zetu zote, ngozi inabaki laini kama ganda la yai. Karani naye hana pa kutamkia. Anabaki kupunga faili.

Kiondo anapiga. Ningesema nimemkumbuka sana, lakini sina mdomo, kwa hiyo nalia kwa macho peke yake. Ananitazama juu ya gitaa. Anaionyesha kanda kwa kidevu, kisha anakunja kidole gumba kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti.

Natikisa kichwa kukataa. Anarudia. Ana uso wa mtu ambaye amengoja miaka arobaini na kitu rafiki yake aelewe jambo dogo.

Karani hajui solo hii. Mimi naijua. Gitaa linapanda, linavuta pumzi, linapanda tena mara mbili, basi, umeme unakatika. Nanyanyua kanda mpaka mahali ulipokuwa mdomo wangu. Linapanda. Linavuta pumzi. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Kimya. Midomo inarudi, na wangu unakuta kazi inaungoja. Naing'ata kanda mgongoni. Ka!

"Fu—" anaanza karani.

"Umechelewa," kanda inamwambia.

"Naftali! Amka, nimefuata kanda yangu."

Dada Eliwaza alikuwa amesimama mbele yangu na pochi yake ya kanisani. Kulikuwa na kitu ulimini. Nikakitema kiganjani: kipande cha plastiki nyeusi, hakikufika hata ukubwa wa punje ya mchele. Dada akaichukua kanda mapajani kwangu, akaigeuza. Mgongoni palikuwa na tundu jipya, kingo zake bado nyeupe.

"Umevunja."

"Nimevunja."

"Si tatizo. Nitaliziba tundu kwa karatasi, itarekodi tu."

"Ziba masikio, Dada. Kanda haizibwi."

Nikaipokonya mkononi mwake, nikaitia kwenye redio, nikazungusha kitufe mpaka kikagoma. Jirani aliyebaki akafunga madirisha. Dada akafungua mdomo anikemee, na hapohapo gitaa la Kiondo likaingia. Hakutoa neno mpaka umeme wa mwaka themanini na moja ulipokatika.