Alhamisi za Maka kwenye Redio ya Chuo

Mwaka wa tisini na sita, nilipokuwa nasomea ualimu Garissa, chuo chetu kilikuwa na redio. Naiita redio kwa sababu sote tuliiita hivyo. Haikuwa na mnara wala mawimbi. Ilikuwa maikrofoni, deki ya kaseti na amplifaya, vyote vimewekwa katika stoo iliyokuwa zamani ya chaki na mipira, na nyaya zikitoka humo hadi kwenye spika za tarumbeta kama zile za msikitini: moja bwaloni, moja kwa wavulana, moja kwetu wasichana, na ya mwisho juu ya lango kuu. Ukutani walikuwa wamebandika trei za mayai, wakidai ndivyo studio za Nairobi zilivyo. Kwa joto letu, aliyekaa humo nusu saa alitoka ameiva.

Mwenyekiti wa redio hiyo alikuwa Abdinasir. Kwao ni Garissa, mtaa wa Iftin, umbali wa kurusha jiwe kutoka chuoni, lakini alikuwa amekaa likizo fulani kwa mjomba wake Eastleigh, Nairobi, akarudi akiwa mtu mwingine. Alirudi na miwani ya jua, na "manze" kila baada ya neno la tatu. Kubwa zaidi, alirudi akiwa amesahau Kisomali. Ukimsalimia kwa lugha ya mama yake, alikuwa anakunja uso kama mtu anayekumbuka jambo la utotoni, halafu anakujibu kwa Kiswahili cha puani. Mama yake alipokuja langoni siku moja kumletea nguo, Abdinasir alizungumza naye kwa ishara. Sisi tuliokuwa tumekaa pale tulitazama pembeni kwa aibu ambayo haikuwa yetu.

Kaseti zake zote zilikuwa za Marekani. Wimbo ukianza, alikuwa anaingilia kati kutuambia kwamba huu ndio unaotamba mjini. Mji gani, hakusema. Mbuzi waliokuwa wakipita langoni walisikiliza sawasawa na sisi, na nadhani walielewa sawasawa na yeye.

Nilikuwa nalala chumba kimoja na Jawahir, msichana wa kutoka Buna. Alikuwa mpole kwa kumtazama, lakini akishika jambo haliachi. Jawahir ndiye aliyeuliza, katika mkutano wa redio, kwa nini hatupigi nyimbo za watu wa hapa. Mjini kulikuwa na Alio, fundi cherehani, aliyepiga kaban, udi wetu wa Kisomali, hadi wateja wakasahau suruali zao. Kulikuwa na Maka, mama aliyetoka Banissa baada ya ukame kumaliza mifugo yao, ambaye sasa aliuza maziwa ya ngamia nje ya lango letu. Maka alikuwa akitunga na kuimba mwenyewe. Aliimba juu ya bei ya sukari, na juu ya mume anayelala mchana huku akilalamikia njaa, na juu ya kizuizi cha polisi darajani ambapo mtu aliyezaliwa Kenya huulizwa kitambulisho kana kwamba ameshuka kutoka mwezini. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Redio ya taifa ilikuwa mbali, na watu wa kaseti walitaka nyimbo za arusi tu.

Abdinasir alicheka. Alisema ngoma za ushago, yaani za kijijini, hazina ubora, tena watu hao hawana hata kaseti. Jawahir akamjibu kwamba kama hawana kaseti, watakuja wenyewe. Mkuu wa chuo, ambaye alichotaka ni ratiba iliyojaa ili aibandike ofisini, aliamuru Jawahir apewe kipindi. Abdinasir akampa Alhamisi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata inzi wa Garissa hulala. Alidhani amemzika.

Alhamisi ya kwanza, Alio aliingia stoo na kaban yake, Maka akamfuata akijifuta jasho kwa shashi, mtandio wake wa kichwani. Hapakuwa na nafasi ya kukaa wote, kwa hiyo Maka aliimba amesimama, mlango umezuiwa wazi kwa kiti ili apate hewa. Jawahir aliwatambulisha kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzetu wa bara wasiojua Kisomali. Sauti ya Maka ilikuwa nzito kidogo, yenye mikwaruzo, na haikuwa na haraka. Nilikuwa nimelala kitandani bwenini. Niliamka nikakaa. Chumba cha pili wasichana walianza kupiga makofi, na wavulana wakatoka mabwenini wamevaa vikoi, macho mekundu kwa usingizi, wakasimama chini ya spika yao.

Wiki iliyofuata watu wa mjini walikuja langoni. Wauza mirungi walihamisha meza zao. Wachungaji waliokuwa wakipeleka ngamia mnadani walisimama, na ngamia nao wakasimama wakafunga barabara. Kijana aliyejulikana kwa mashairi akaomba nafasi, kisha wasichana wa Iftin wenye ngoma ya debe. Jawahir hakumkataa mtu. Alimwambia kila mmoja sharti moja tu, kwamba aimbe alichotunga mwenyewe. Kabla ya muhula kwisha, mji uliokuwa ukijidharau kwamba hauna wanamuziki ulikuwa unabishana nani bora kuliko nani.

Haya yalimchoma Abdinasir. Akatafuta njia ya kuyazima, na njia aliyoipata ilionyesha alivyo. Yeye ambaye hatukuwahi kumwona kwenye safu ya mbele msikitini alikwenda kwa Adeer Gelle, yaani Ami Gelle, mzee mwenye nyumba karibu na chuo, mjumbe wa kamati ya msikiti, akamlalamikia kwamba sauti ya mwanamke inatangazwa barabarani na dini inachezewa. Alimweleza hayo, tulisikia baadaye, kwa Kisomali safi kabisa. Dini ilikuwa imemrudishia kumbukumbu.

Adeer Gelle alikuja Alhamisi, wakati Maka anaimba, akaenda moja kwa moja ofisini. Mkuu wa chuo alitoka naye akiwa tayari ameshaahidi kukifunga kipindi kabla hajaambiwa kosa. Abdinasir alisimama karibu, mikono nyuma, akiwa na sura ya huzuni aliyoikopa mahali. Mzee akanyoosha fimbo yake kuelekea juu ya lango.

"Hiyo spika inatazama barabarani," alisema. "Nyumba yangu iko huku nyuma. Nasikia mwanzo wa kila ubeti, mwisho unachukuliwa na upepo. Igeuzeni."

Ikageuzwa siku hiyo hiyo. Abdinasir mwenyewe ndiye aliyeshikilia ngazi.

Muhula wa pili habari zilifika Nairobi. Shirika moja la utamaduni likaandika kwamba litatuma wageni wenye kamera kuja kuona redio ya wanachuo inayoinua muziki wa mashinani. Mkuu wa chuo, ambaye saa za kipindi alikuwa anafunga dirisha, ghafla alianza kusema "muziki wetu". Lango likapakwa rangi. Abdinasir akavua miwani, akavaa macawis, kikoi cha Kisomali, na kofia ya kufumwa, akatembea kwa uangalifu kama mtu aliyeazima miguu.

Wageni walikuwa bibi mmoja mrefu, mzee mwenye kamera, na dereva. Walikaa kwenye viti vya ofisini vilivyotolewa nje, chini ya turubai. Mkuu wa chuo alihutubia kwanza, akaeleza ndoto aliyokuwa nayo tangu afike Garissa. Kisha Abdinasir akashika maikrofoni. Alisema alizunguka Banissa na Buna akitafuta vipaji vilivyofichika. Buna aliijua kwenye ramani, tena kama aliwahi kuitazama. Jawahir, mzaliwa wa Buna, alikuwa wakati huo anagawa soda, kwa sababu mkuu alisema wasichana wapokee wageni. Nilimtazama. Alikuwa anafungua chupa moja baada ya nyingine bila kuinua macho, na kila kizibo alikibana mkononi badala ya kukitupa.

Halafu Maka akaitwa. Alisimama mbele ya kamera na shashi yake ya kila siku, akiwa amekataa ushanga waliomletea, akamwambia Alio aanze. Wimbo ulikuwa mpya. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

Ndama wa ngamia alikwenda mjini,
akarudi na sauti ya puani.
Mama yake akamwita kwa jina lake,
akauliza, huyu anamwita nani?
Ndama wangu, kiu ikikushika jangwani,
utamlilia mama kwa lugha gani?

Walioelewa walianza kukohoa, kisha wakashindwa. Kicheko kilitoka langoni kikaja hadi kwenye viti. Wageni walidhani ni furaha, na mzee wa kamera akatugeuzia lenzi. Bibi mrefu akamwinamia Abdinasir kumwomba tafsiri.

Ilimbidi achague. Kusema hajui Kisomali, baada ya kuzunguka Banissa na Buna yote, kungekuwa kujivua nguo. Kutafsiri kama ulivyo, vivyo hivyo. Akatabasamu akasema, "Anasifu elimu. Ndama ni mwanafunzi. Anarudi kutoka mjini na maarifa mapya, na mama yake anafurahi sana."

Bibi alipendezwa. Aliomba mstari wa mwisho, na Abdinasir akamwambia kwamba hapo mama anamshukuru mwenyekiti wa redio. Maka alikuwa akimtazama tu. Kiswahili chake cha sokoni kilitosha kuelewa.

Wageni waliacha zawadi: mashine nzuri ya kurekodia, maikrofoni mpya, na boksi la kaseti tupu. Mkuu wa chuo alivifungia ofisini kwake ili visiharibiwe na vumbi. Jawahir alikwenda kuviomba ili amrekodi Maka na wenzake. Alijibiwa kwamba vitatumika wakati muafaka, na kwamba msichana mwenye adabu angeshukuru kwa alichopewa. Alipotoka, alikuta ratiba mpya ukutani. Alhamisi mchana palikuwa pameandikwa nyimbo bora za wiki, mtangazaji Abdinasir. Sasa saa hiyo ilikuwa na wasikilizaji, kwa hiyo ilikuwa imempendeza.

Usiku ule Jawahir hakula. Nilimwambia aende kwa wakubwa wa elimu, apige kelele. Akasema hana nguvu ya kuwapigia kelele watu ambao hawakuwahi kusikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. "Abaayo, dada yangu," aliniambia, "nilidhani nina redio. Nilikuwa na Maka na Alio. Hao hawajafungiwa ofisini."

Alhamisi iliyofuata, baada ya chakula, alitoka langoni akaenda zake Iftin, kwenye kibanda cha Alio. Alio aliazima spika ya arusi kwa jirani, wakaiunga kwenye betri ya gari. Aliyekuwa na redio kaseti alikuja nayo, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akabonyeza kitufe chekundu pamoja na wengine. Rekodi hizo zilikuwa na mlio wa mbuzi na cherehani ndani yake, na hakuna aliyejali. Madereva wa malori ya sukari walizibeba hadi Wajir na Mandera, na wengine walirudi wakisema kuna vijana kule nao wameanza. Adeer Gelle alihamishia kiti chake huko. Chuoni Abdinasir alitangaza nyimbo bora za wiki kwa wanafunzi waliolala na lango lisilo na mtu.

Kisha ikasikika kwamba wageni wanarudi, na safari hii wanataka kuona maendeleo. Mkuu akababaika. Abdinasir akatumwa kwa Maka. Nilikuwepo, nanunua maziwa. Alichuchumaa mbele ya madebe yake, akamweleza kwa Kiswahili kile cha puani kwamba chuo kinamhitaji, kwamba hii ni heshima kwake, na kwamba wanawake wengi wangeitamani. Hata wakati huo, akiomba, hakukubali kumwita eeddo, yaani shangazi, kwa lugha yao.

Maka alimaliza kunipimia. Akafunga kifuniko, akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole, ili asikose neno.

"Wewe hajui Kisomali," alisema. "Basi na mimi hajui kuimba."

Wageni walikuja. Mkuu wa chuo aliunda kwaya ya wanafunzi kwa haraka, karibu wote wa kutoka bara, akawavisha mashuka, wakaimba juu ya umoja na maendeleo ndani ya ukumbi. Abdinasir alimweleza bibi mrefu kwamba hizi ni nyimbo za asili za wafugaji. Bibi alitikisa kichwa kwa heshima, na mzee wa kamera akarekodi yote.

Ilikuwa Alhamisi. Katikati ya ubeti wa pili, upepo ukaleta kaban kutoka Iftin, na juu yake sauti ya Maka, nzito, isiyo na haraka. Wanakwaya wawili walipoteza mstari. Bibi aligeuza shingo akauliza ni nini kile.

Abdinasir alimwambia ni kelele za arusi.

Bibi akaomba dirisha lifungwe ili kamera ipate sauti nzuri, na Abdinasir akainuka kulifunga. Mimi nilitoka kabla hajafika. Nilipofika kwa Alio, Jawahir alinisogezea ncha ya benchi, na Maka alikuwa bado yuko katikati ya wimbo.