Mjane wa Kikosi

Watu wa hapa Paisley, kwetu Uskoti, wakitaka habari za vita vya Krimea, mimi huwapa mizinga na theluji, wakaridhika. Ya Effie siwaambii. Leo naandika, basi potelea mbali, nitayatia.

Asubuhi ile, mbele ya mji wa Sevastopoli tuliouzingira, zamu ya handakini ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekunywa ramu mpaka kichwa kinanigonga. Nikajikunja hemani, nikashika tumbo: "Naharisha, jamani, nakufa!"

Rafiki yangu Wattie akacheka. "Lala, mlevi we. Nitakushikia zamu."

Adhuhuri wakamrudisha kwenye machela, kafunikwa uso.

Kikosini kwetu mke wa askari alikula posho kwa jina la mumewe. Mume akifa, posho inakatika, na meli ya kurudi kwao haijulikani itakuja lini. Kwa hiyo mjane aliolewa upesi, machozi hayajakauka. Siku mbili baada ya maziko, Effie, mke wa Wattie, alikuwa anafua nguo za maofisa, na wachumba washapanga foleni mbele ya beseni lake. Koplo mmoja kaja na pande la nyama ya chumvi.

"Kale mwenyewe," Effie akamfukuza, "kama una meno ya kutosha!"

Kisha akaninyooshea kidole mimi niliyejificha nyuma. "Lachie, nakutaka wewe."

Moyo ukanipasuka. Masikini, hajui! Nikamvuta kando. "Shemeji, usinichague mimi. Siku ile tumbo langu..."

"Halikuwa na kitu," akanikata. "Wattie aliniambia alipokuwa anavaa viatu."

Nilitamani ardhi inimeze. "Sasa mimi wa nini?"

"Hawa wengine leo wananiposa, kesho watanipiga. Wewe je, utathubutu kuniinulia mkono?"

Nilitikisa kichwa tu, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Kasisi akatufungisha ndoa jioni ile.

Tumezeeka pamoja. Sijamwinulia mkono, wala sauti. Nampenda, wallahi nampenda, na hata siku moja sijathubutu kumwuliza kama naye ananipenda. Majirani hunisifu: "Mume kama Lachie hapatikani!" Effie huwasikia, na kila mara huinuka akaenda jikoni.