Manju Mwandishi Chini ya Dari

Usiku wa kuamkia leo niliota nafuta neno "moto" kwenye pumzi ya joka. Joka mwenyewe amekaa kwenye benchi, amepanua kinywa kama mtu aliyekwenda kung'olewa jino. Mimi nimesimama juu ya ulimi wake, kifutio mkononi.

"Umemaliza?" akauliza, bila kufunga kinywa.

"Bado. Limeandikwa kwa wino."

"Taratibu basi. Kuna jino linauma upande huo."

Nikaendelea taratibu. Mimi ni manju, ila siimbi. Katika mchezo tunaoucheza kila Jumapili sebuleni kwa Mhando, hapa Korogwe, kila mtu hujibunia mhusika, na manju ni yule anayewatia wenzake moyo kwa nyimbo wakati wapiganaji wanapigana. Sauti yangu haifai hata kuitia mbuzi. Kwa hiyo nilikuwa natunga manju wa aina yangu, Manju Mwandishi. Huyu anaweza kufuta neno moja katika jambo analolifanya adui. Anaweza kumwandikia mwenzake sentensi kiganjani, ikamsaidia penye kazi ngumu. Na lazima awe na mkono mmoja usioshika kitu, vinginevyo haandiki. Hilo la mkono nililiweka ili asije akaonekana amependelewa.

"Moto" likafutika. Joka akapuliza. Ikatoka hewa ya kawaida, yenye harufu ya chai ya tangawizi.

"Sasa nyumbani nitawaambiaje?" akauliza.

"Waambie ni kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Yangu. Nimeitunga Alhamisi."

Akasema angalau jino limepoa. Kisha akafunga kinywa, na mimi nikiwa ndani.

Ndani ya kinywa ni sebuleni kwa Mhando. Sishangai. Meza ni ileile, ila imekuwa kubwa kama uwanja wa mpira, na mimi natembea juu ya kitambaa cha kufuma, naruka matundu yake. Vizibo vya soda tunavyovitumia kuonyesha nani yuko wapi vimesimama kama majumba. Mezani kwetu kuna mwiko mmoja tu: kizibo cha mwenzako hakiguswi. Hata Mama Semeni, mke wa Mhando, akipangusa vumbi hupitisha kitambaa pembeni, akakizunguka kizibo kama mtu anayefagia karibu na mtoto aliyelala.

Njiani nikamkuta Dadu. Ndiye anayeamua mambo katika mchezo wetu. Unamrusha, na namba inayotokea juu ndiyo bahati yako. Ana nyuso ishirini, mimi nina mmoja, kwa hiyo nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," ukajibu uso wa kwanza. "Marahaba," ukajibu wa pili. Nikasubiri mpaka zote zikaitikia. Uso wa kumi na nne ulikuwa umelala, ikabidi jirani zake wauamshe.

"Unakwenda kwa Ndarakwe," Dadu akasema.

"Nimetumwa na Mhando. Nikaandike mwisho wa Ndarakwe."

"Na mimi sitarushwa?"

"Hapana. Uwezo wenyewe unaitwa Hitimisho. Manju Mwandishi anaandika sentensi moja ya mwisho juu ya mtu yeyote, nayo inakuwa kweli hapo hapo."

Nyuso zikatazamana, jambo ambalo kwa umbo lake ni gumu.

"Mtu yeyote? Hata mhusika wa mwenzako?"

"Sikuandika kwamba haifai."

"Uliacha makusudi?"

"Hapana. Chakula kilikuwa tayari."

Dadu akavingirika kunipisha.

Ndarakwe ni mpiganaji wa Nakiete, muuguzi tuliyekuwa tunacheza naye. Jumapili ya mwisho tuliyocheza, dari ya pango ilianza kushuka, naye Ndarakwe akaizuia kwa ngao ili sisi wengine tupite. Tukapita. Giza lilikuwa linaingia, na Mhando, ambaye ndiye msimulizi wetu, akasema tutaendelea wiki ijayo. Wiki hiyo Nakiete akahamishiwa Mpanda. Mchezo ukasimama, kizibo chake cha bluu kikabaki palepale, na nyumba nzima ya Mhando ikahamia kula kwenye mkeka. Juzi Mhando akasema imetosha. Jumapili hii Ndarakwe afe, afe vizuri, kishujaa, mchezo usonge mbele na meza irudi kwa wenyewe. Nakiete hajaambiwa. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye atakayemwambia.

Nikamkuta Ndarakwe kama tulivyomwacha. Mikono juu, ngao juu ya mikono, dari juu ya ngao. Buibui amejenga kati ya kwapa na ubavu wake.

"We Hiza," akasema. "Wiki ijayo ndiyo hii?"

"Bado kidogo."

"Mhando alisema wiki ijayo."

"Alisema, ni kweli."

"Nakiete yuko wapi?"

"Amehamishiwa Mpanda."

"Mpanda ni pango la ngapi?"

"Siyo pango. Ni mji. Kuna reli."

"Amekufa?"

"Hapana. Ana zamu nyingi tu."

Akafikiri. Dari ikashuka kidogo, akaisukuma kwa utosi.

"Sasa kama mwenyewe hajafa, mimi nife kwa sababu gani?"

"Watu wanakula chini," nikamwambia.

"Mkeka una ubaya gani?"

Kabla sijajibu, likaongea kasha la biskuti. Mhando hulisimamisha mbele yake tukicheza, ili tusione siri alizotuandalia. Sasa limesimama lenyewe ukingoni mwa meza, lina masharubu ya Mhando.

"Hiza! Andika tumalize. Wali unapoa."

"Huyu bado ana nguvu, Mhando."

"Bwana wee, hicho ni kizibo cha soda."

"Nani kizibo?" Ndarakwe akauliza.

"Hakuna," tukajibu mimi na kasha.

Hapo kalamu niliyoishika ikaanza kuandika yenyewe, mkono wangu ukaifuata kama mbwa aliyefungwa kamba. Inaandika hewani, kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa barua za maombi ya kazi: *Ndarakwe akachoka.* Magoti ya Ndarakwe yanakunjika. Naingiza mkono mwingine mfukoni kutafuta kifutio. Kimekwisha. Nilikimalizia kwa joka.

"Basi niandikie kitu kiganjani," Ndarakwe akasema, kwa sauti ya kubanwa. "Si ndiyo kazi ya manju?"

"Viganja vyako vimeshika ngao."

"Ndiyo. Nimevishikisha tangu siku ile, kama hukuona."

Nikaviona. Kisha nikatazama vyangu.

"Dadu!" nikaita. "Manju Mwandishi akishika kitu kwa mikono yote miwili?"

"Haandiki," ukajibu uso wa kwanza. "Haandiki," ukajibu wa pili.

"Na kizibo changu mwenyewe naweza kukisogeza?"

"Chako? Popote."

Sikusubiri nyuso zilizobaki. Mfukoni, pale nilipokosa kifutio, kuna kizibo cha soda ya chungwa, nilichokichagua jana kiwe cha manju wangu. Kalamu imekwisha kuandika *dari nayo*, inatafuta neno linalofuata. Nakiweka kizibo changu ubavuni mwa kile cha bluu. Nainua mikono yote miwili, naishika dari.

Kalamu ikaanguka mezani, ikavingirika, ikatulia kwenye tundu la kitambaa.

Dari ni nzito, ya baridi, inanuka chokaa mbichi. Ndarakwe akaubakiza mkono mmoja kwenye ngao. Ule mwingine akaushusha polepole, akautazama kama kitu cha kuazima, halafu akajikuna pua. Akajikuna kwa muda mrefu.

"Imeniwasha tangu mfungo," akasema.

"Hiza, unafanya nini hapo?" kasha likauliza.

"Nimeshika."

"Mpaka lini?"

"Wiki ijayo," Ndarakwe akanijibia.

Nikaamka jua limeshatoka, mikono iko juu ya kichwa, imekufa ganzi yote miwili. Simu ilikuwa inaita. Niliipokea kwa shida, nikaiweka sikioni kwa kuiegemeza kwenye mto. Alikuwa Mama Semeni.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama, shemeji. Habari za huko?"

"Nzuri. Samahani kukusumbua asubuhi. Hiki kizibo cha chungwa kimewekwa lini hapa mezani? Kimekaa ubavuni mwa kile cha Nakiete. Napangusa vumbi, sijui nizunguke kimoja au vyote viwili."

Suruali niliyoivaa jana ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango. Nikainuka, nikapapasa mfuko. Hamkuwa na kitu. Kwa Mhando sijafika tangu Jumapili.

"Zunguka vyote, shemeji."

"Haya."

Nikamsikia Mhando anaiomba simu. Akaipokea huku anatafuna.

"Hiza, huyo manju wako ameingia chini ya dari lini?"

"Ameshaingia."

"Sasa nikiishusha si nawaua wote wawili?"

"Ndiyo."

"Na akiwa ameishika, hilo Hitimisho lako anaweza kuliandika?"

"Hawezi. Lazima awe na mkono mmoja usioshika kitu. Nilikuonyesha Alhamisi ulipokuja kwangu."

Alikuwa bado anatafuna, na kwa sauti ya Mama Semeni iliyokuja kutoka chini chini nilijua wamekaa mkekani.

"Basi itabidi mtu ampigie Nakiete," akasema.

"Mpigie."

"Wewe ndiye mwandishi."

Akakata simu. Nilikaa kitandani nikisugua mikono mpaka vidole vikaanza kusikia. Nikachukua karatasi ya kanuni zangu, nikaenda kwenye sehemu ya Hitimisho, nikaongeza maneno *kwa ruhusa ya*, halafu kalamu ikanidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Nimeiacha kanuni hapo hapo, nitaimalizia kesho mikono ikipata nguvu. Nakiete anatoka zamu mchana. Nitampigia nimuulize Jumapili gani anaweza kucheza nasi kwa simu na asikike vizuri.